Unakwenda Kufuata Beseni la Mama Yako

Mwanangu Damas,

Barua zote nilizofundishwa shuleni zinaanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi, kwa sababu nakusikia. Uko nje, chini ya dirisha hili, unaosha pikipiki na unapiga mluzi. Wimbo wenyewe unaukosea palepale katikati, kama siku zote, halafu unarudi mwanzo. Bibi yako alikuwa anapeta mchele. Ulipoanza, alisimamisha ungo hewani akasikiliza, akaniangalia, kisha akaendelea kupeta. Mwaka mzima hatujasikia mluzi katika nyumba hii. Kwa hiyo hali yako naijua, na yetu inafanana nayo.

Najua utacheka ukiona nimeandika "mwanangu". Mimi nina miaka kumi na minane, wewe una ishirini na mitatu na ndevu juu yake. Cheka tu. Mama yako Vero alikuwa kifungua mimba na mimi ni kitinda mimba, ndiyo maana nilipozaliwa wewe ulikuwa tayari unatumwa dukani. Tangu nikiwa mdogo ulilifanya jambo hili mzaha wako. Unarudi shamba, unakaa kwenye kigoda, unasema, "Mama mdogo, mwanao ana njaa," na mimi nabeba sahani huku nimefunika uso kwa kanga. Unakumbuka wale wavulana waliokuwa wananicheka njiani kwa sababu siwezi kuitikia salamu? Ulisimama katikati ya njia ukawaambia, "Huyu ni mama yangu. Atakayempita bila shikamoo tutaonana jioni." Wakaniamkia wote, mmoja mmoja, kwa kukuogopa. Mimi nikatamani ardhi ipasuke. Hata marahaba haikutoka.

Tangu juzi lakini si mzaha tena. Tulipoondoa tanga la mama yako, ukoo ulinipa jina lake kama desturi yetu inavyotaka, na pamoja na jina, vitu vyake, na wewe.

Kesho unasafiri. Habari za sweta na za kutokula samaki wa kukaanga wa barabarani bibi yako amekwisha kukwambia. Mjomba wako Alois amekwambia habari za breki, malori na askari wa barabarani. Mimi huko sina la kuongeza. Nataka kuandika yale ambayo mdomo wangu haukuweza kuyasema.

Kwanza nikwambie juzi ilivyoonekana kutoka pale nilipokaa, maana wewe ulikaa mlangoni umeinamisha kichwa na sidhani kama uliona nyuso.

Vitu vyake vilitandazwa mkekani. Kanga zake, jembe, mizani yake ya kupimia mboga, koti la mvua, viatu vya raba, rozari. Mjomba wako alivisoma kimoja kimoja kama anavyosoma matangazo ya ndoa kanisani. Alipomaliza akasema, "Na ile pikipiki iliyoko banda la mbuzi, nimeipatia mtu Mkuyuni. Ilimbeba dada yetu akafia juu yake. Haiwezi kukaa kwenye boma hili."

Nilikuangalia. Hukuinua kichwa.

Bibi yako ndiye aliyesema, "Vitu havijatimia. Beseni halipo."

"Beseni gani, mama?"

"Beseni lake jeupe, la maua mekundu. Kitu cha marehemu kikibaki nje, tanga halijaondoka. Au siku hizi mmebadilisha?"

"Tumetafuta nyumba nzima, mama."

"Mmetafuta lisipokuwepo. Liko mtoni kwa Bibi Jamna. Vero aliliacha na njegere, akasema atalifuata safari ijayo."

Hapo mjomba wako akavua miwani. Mzee wa kanisa yule, unamjua. "Hekaluni kwa Wahindi? Tumtume mtoto wa Kikristo kwenye masanamu kwa sababu ya beseni?"

"Mboga za Vero zimeingia mle miaka yote," bibi yako akasema. "Kuna hata moja iliyorudi imebadili dini?"

Mzee Sudi, mtani wetu, alikuwa anangoja nafasi kama hiyo tangu asubuhi. "Kabichi la misheni hilo!" akapiga kelele. "Limepata kipaimara, haliogopi kitu!"

Watu wakacheka, lakini shauri lenyewe halikwenda popote. Mjomba wako alisema basi beseni tuliache, na pikipiki iende Mkuyuni, tumalize. Nikaona njia yako inafungwa. Kwa sababu mimi nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakukijua. Jumapili ile kabla ya kuondoa tanga, nilipokuwa namenya muhogo jikoni, nilikusikia ukimwambia bibi yako, "Bibi, nataka niende pale mama alipokuwa anakwenda." Tangu tumzike hukuwa umesema unataka kitu chochote. Chakula ulikula ukipewa. Shamba ulikwenda ukisukumwa. Nikasimamisha kisu katikati ya muhogo. Bibi yako alikupa tu kipande cha muhogo mbichi, ukakitafuna ukatoka. Nikajua kwamba pikipiki ikishuka mlima na mtu wa Mkuyuni, lile neno lako la kwanza litakuwa limeshuka nayo, na huenda usiseme jingine.

Nilijua, na nilikuwa nimekaa kimya. Ndivyo nilivyo. Darasani nilikuwa najua jibu nikaliacha likapita, mwingine akalikosea, mwalimu akakasirika na darasa zima, na mimi bado nimelishika jibu mdomoni kama peremende. Nilidhani kunyamaza ni adabu. Wakati mwingine ni adabu kweli. Lakini kuna kunyamaza kwingine ambako ni kumwacha mtu azame kwa kuwa unaona haya kupiga kelele.

Ndipo Mzee Sudi akanigeukia. Mungu amweke yule mzee. "Mbona mnaongea kama Vero hayupo? Mmempa jina asubuhi, mbele ya macho yangu, na togwa nimekunywa. Haya mama, wewe mwenye mtoto mwenye ndevu kuliko babu zake, sema! Au jina limeangukia kwa bubu?"

Wakageuka wote. Damas, nilimwona hata yule jogoo mwekundu amegeuka.

Nikasema, "Pikipiki haiuzwi." Sauti ilitoka kama ya kifaranga kilichokanyagwa. Mzee Sudi akaweka mkono sikioni. Nikasema tena, na mara ya pili nilishangaa kwamba ni mimi: "Haiuzwi. Nampa mwanangu. Aende akachukue beseni."

"Leokadia, mdogo wangu," mjomba wako akaanza.

"Mwite jina lake, Alois," Mzee Sudi akamkata. "Umempa asubuhi, jioni unamnyang'anya?"

Mjomba wako alikaa muda mrefu anafuta miwani. Si mtu mbaya. Alimpenda Vero kuliko alivyotupenda sisi wote, na ile pikipiki ilikuwa inamwumiza kila akienda kuwatazama mbuzi. Mwishowe akasema, "Nani atakwenda naye?"

Nawe ukainua kichwa. "Nitakwenda peke yangu, mjomba."

"Na ni beseni tu?"

"Ni beseni," bibi yako akajibu kabla yako. Pale nikasikia watu wakishusha pumzi. Mtu akisema anakwenda kukaa kimya hekaluni kando ya mto mpaka moyo wake utulie, ukoo utakaa wiki nzima kujadili. Beseni kila mtu analielewa.

Kisha bibi yako akafungua fundo la kanga yake, akakutupia kitu mapajani. Plagi ya pikipiki. "Jino lake hilo," akasema. "Nililing'oa siku ya maziko. Nilimwona Vero akiling'oa alipokuwa anaogopa wezi." Ukaigeuzageuza mkononi, ukaipuliza, ukacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Wengine hawakukisikia. Mimi nilikisikia, na usiku ule nililala kama mtoto aliyeogeshwa.

Jana asubuhi ulipoiwasha ilikataa, ikakataa, halafu ikatoa moshi mweupe na mbuzi wakakimbilia kwa jirani. Ulishuka nayo mpaka shuleni ukarudi. Nilikuwa nimesimama kwenye migomba, sikukwambia. Nikaona pale kwenye kona, mkono wako wa kushoto uliacha usukani ukarudi nyuma, ukapapasa kiti. Ulikuwa mtupu. Ukarudisha mkono, ukaendelea.

Mwanangu, ile kanga ya siku ya kumpeleka hospitali nilikufungia mimi. Mama yako alikuwa amezidiwa na homa hata hawezi kujishika, na mvua ilikuwa imesimamisha gari zote. Nilimkalisha nyuma yako, nikazungusha kanga kiunoni mwenu wote wawili, nikafunga fundo mbele yako mara mbili. Mliposhuka nilishukuru kwamba fundo limeshika. Siku ya maziko ulimweleza mjomba wako kwa sentensi chache tu: mto ulikuwa umejaa, ulizima injini ukangoja maji yapungue, ukawa unaongea naye ili asisinzie. Maji yalipopungua ukavuka. Ni watu wa Mkuyuni waliokwambia kwamba unaongea peke yako.

Hujawahi kulirudia tena neno hilo, nami sikuwahi kukuuliza. Ndilo kosa langu la mwaka huu, na nimelifanya kila siku. Nilijaribu kuwa Vero badala yake. Nilipika mchicha kwa karanga kama yeye, nikacheka kwa sauti kama yeye, na sauti ikanikwama. Unakumbuka ile siku nilipofoka mlangoni mwako, "Amka, jua limefika kichogoni!" kama alivyokuwa anafoka yeye? Ulifungua mlango ukanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nikaenda kulia nyuma ya choo. Sasa najua ulikuwa huhitaji Vero wa pili. Ulihitaji mtu akae karibu aseme, mto ulijaa, Damas. Hukuujaza wewe. Nasema leo. Mto ulijaa, na wewe ulifanya anachofanya mtu mwenye akili, ulingoja. Ungeingia, tungewazika wawili.

Kesho utafika kivuko kile. Ni kiangazi, maji yatakuwa ya kifundo cha mguu, watoto watakuwa wanafua hapo. Mkono utarudi nyuma tu. Uache urudi.

Sasa habari ya kule unakokwenda, kwa sababu mimi nilifika mara moja na wewe hujafika. Ilikuwa likizo yangu ya kidato cha pili. Mama yako alikuwa ameshainunua pikipiki kwa padre mzee aliyekuwa anarudi Ulaya, wakati ule biashara ilipofunguliwa na watu wakaacha kuogopa kuitwa walanguzi. Unajua alivyosemwa. Mwanamke wa Kiluguru juu ya pikipiki, suruali ndani ya kanga, karoti na njegere nyuma! Yeye alisema kama masista wanaendesha, na yeye ana rozari. Aliuza Morogoro sokoni, na mzigo uliobaki akaupeleka huko hekaluni, upande wa Ngerengere, katikati ya mashamba ya zamani ya mkonge, kwa sababu kule hawali nyama na mboga zetu za mlimani waliziheshimu.

Usitegemee kitu kikubwa. Ni nyumba nyeupe yenye mnara mdogo na bendera ya rangi ya machungwa, kengele mlangoni, ngazi za mawe zinazoshuka hadi mtoni, na ukumbi wenye mikeka kwa wageni. Bibi Jamna ndiye mtunzaji. Ni mjane mfupi, mumewe alikuwa karani wa shamba la mkonge, na alipokufa watu wa familia wakaenda mbali, yeye akabaki. Anampokea yeyote anayetaka kukaa kimya. Siku ile alikuwepo fundi cherehani Mwislamu kutoka mjini, aliyekuwa amefiwa na mkewe, na mama mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nilikaa nikingoja mtu aanze kutuhubiria. Hakuna aliyeanza.

Halafu ikalia kengele. Na mimi, mwanangu, mtoto wa misheni, kengele ikilia karibu hivyo najua jambo moja tu. Nikapiga magoti puu, nikapiga ishara ya msalaba, nikainamisha kichwa, nangoja kengele ya pili kama kwenye misa. Nilipofungua jicho moja nikaona wengine wote wamekaa kama walivyokuwa. Mama yako alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilitaka kuingia mtoni. Bibi Jamna akapita na sinia la maua, akanigusa kichwa, akasema, "Vizuri tu, binti. Hata hivyo inafaa." Akaenda zake.

Tulikula wali na dengu na kabichi letu wenyewe. Baadaye Vero akavua viatu akakaa kwenye ngazi ya mwisho, miguu majini. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa bila kufanya kitu. Nikamwuliza, "Dada, huku unaomba nini?"

"Siombi," akasema. "Huku hakuna anayeniuliza nimeuza ngapi, wala mtoto anasoma wapi, wala baba yake yuko wapi. Nakaa mpaka nikumbuke kwamba mimi ni mtu, halafu nawasha pikipiki narudi kwenu."

Nilidhani mama yako hachoki. Siku ile nilijua kwamba alikuwa anachoka sana, ila alikuwa amepata pa kwenda kuuweka uchovu wake. Wewe umechoka mwaka mzima na umekaa nao chumbani.

Kwa hiyo ukifika, usiulizie beseni kwanza. Likikaa siku nyingi haliozi. Kaa ngazi ya mwisho. Ukitaka kulia, lia; kule si shambani kwa mjomba wako, hakuna atakayekwambia jikaze. Usipolia pia ni sawa. Bibi Jamna hatakuuliza kitu, lakini ukiwa na la kusema yeye anasikiliza vizuri, na mama yako alimpenda. Mpe njegere nilizofunga kwenye mfuko wa kushoto. Na kengele ikilia ukajikuta umepiga magoti, usione haya. Mwambie ni ugonjwa wa familia.

Jambo jingine. Mjomba wako anasema utarudi Jumapili. Bibi yako hasemi, lakini ameweka shati lako jeupe pia, na mtu hachukui shati jeupe kwenda kufuata beseni. Nilikusikia ukimwuliza Mzee Sudi habari za Turiani, kama kule kwenye miwa wanataka mafundi. Kama ukitoka mtoni ukaona barabara ya kwetu imekuwa nzito, chukua ile nyingine. Beseni mpe mtu yeyote anayekuja Mkuyuni sokoni, litapanda tu. Mimi nitamweleza mjomba wako. Nimekwisha kusema mbele yake mara moja na sikufa.

Sijui kama mama halisi angeandika hivyo. Pengine angeandika urudi. Lakini nilikuona mwaka mzima ukiwa hapahapa na hupo, na nimegundua kwamba mtu aliye Turiani anapiga mluzi yuko karibu zaidi kuliko aliyelala chumba cha pili amegeukia ukutani. Ukienda mbali ukiwa mzima, mimi nimepona. Nasema kweli, nimepona tayari. Tangu juzi nakula mpaka bibi yako anaficha sufuria.

Kesho itabidi nikubariki. Mama ndiye anayempulizia msafiri maji usoni na kifuani, na mama ni mimi. Bibi yako amenifundisha leo nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza niliyameza. Mara ya pili nilipuliza kwa nguvu, na mjomba wako akatokea konani na shati lake la kanisani. Maji yote kwake. Akasimama anachuruzika maji, akasema, "Haya, mimi nimebarikiwa na sina safari," kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Nadhani na yeye alikuwa anangoja.

Barua hii nitaiweka chini ya njegere, uikute ukifika, kwa sababu ukiisoma nikiwa karibu nitakimbilia migombani. Wakati utakapoisoma mambo ya kesho yatakuwa yamekwisha kupita, lakini acha niyaandike ili nisiyakimbie. Utawasha pikipiki. Utanigeukia mbele ya watu wote, kwa ule utani wako, uniamkie shikamoo, ukidhani nitajificha nyuma ya bibi yako. Safari hii nitaitikia marahaba, kwa sauti ambayo Mzee Sudi ataisikia kwake. Halafu nitajaza maji mdomoni na sitaweza kusema neno jingine, kwa hiyo nitakuonyesha kwa mkono tu, na wewe uelewe: inama, mwanangu. Mama yako hakufikii.

Leokadia, ambaye sasa ni Vero